Nesi, koloni gani tena hili? Si tulishapata uhuru?

SEHEMU YA 1: KARATASI YA MAABARA

Najua niliahidi wiki hii tuongelee chanjo za watoto. Chanjo zitakuja, msiwe na wasiwasi. Ila kuna kitu kimetokea wodini kikanikosesha usingizi, naomba tukimalize kwanza. Nitakigawa vipande vipande, usome ukiwa unanyonyesha au unasubiri maharage yaive.

Juzi mama mmoja alishuka kutoka Kalinzi na binti yake wa miaka miwili. Mtoto ana homa inayoenda na kurudi, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na kila akikojoa analia. Tukachukua mkojo, ukapelekwa maabara kuoteshwa. Siku ya tatu majibu yakatoka. Yule mama anajua kusoma vizuri tu, lakini karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akapitisha kidole mstari kwa mstari akitafuta neno analolijua, akalipata moja. Akanifuata dirishani kaishika karatasi:

"Nesi, samahani. Koloni gani tena hili liko kwa mwanangu? Si tulishapata uhuru?"

Wodi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, sikatai. Yeye hakucheka. Kwake koloni ni jambo baya, ni neno la kupigwa viboko na kulipa kodi ya kichwa, na sasa amelikuta kwenye karatasi ya mwanawe. Nikamweleza vizuri, akaelewa, dawa zikaanza.

Lakini swali lake likanifuata mpaka nyumbani. Kwa nini neno moja litumike kwa bakteria, kwa nyuki, kwa kambi ya wagonjwa wa ukoma, na kwa nchi iliyotawaliwa? Nikaanza kusoma usiku watoto wakishalala. Nilidhani nitapata jibu la mistari miwili. Nilichokuta kinatuhusu sisi watu wa Kigoma kuliko nilivyotegemea, na kimenionyesha kosa ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulifanya kazini. Hilo nitalisema mbele, tusiharakishe.

SEHEMU YA 2: NENO LILIANZIA SHAMBANI

Neno koloni limetoka kwenye Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwao kulima ni "colere", mkulima ni "colonus", na "colonia" ni mahali ambapo wakulima wamepelekwa kuishi. Warumi wakishaiteka nchi ya watu, walichukua raia wao, mara nyingi askari waliomaliza utumishi, wakawagawia mashamba huko huko. Askari mstaafu anapata shamba, na Roma inapata watu wake wa kuilinda ardhi iliyotekwa. Mji wa Köln kule Ujerumani hadi leo unabeba neno hilo kwenye jina lake. Ulipewa hadhi ya koloni la Warumi mwaka 50 baada ya Kristo, na jina limebaki.

Kwa hiyo mwanzoni neno hili halikuwa na maana ya kutawala. Lilikuwa na maana ya kulima. Shida ni kwamba lile shamba lilikuwa na mwenyewe.

Kiswahili chetu kina neno lake kwa mambo haya, na mimi nalipenda. Tunasema mtu "amelowea", yaani amekuja mahali, akazoea, akakaa moja kwa moja. Ndiyo maana wazungu waliokwenda Kenya kuchukua mashamba ya nyanda za juu tuliwaita walowezi. Kule ndiko maana ya Warumi ilipotimia barabara: mgeni anakuja na jembe, mwenyeji anasogezwa. Na mwaka 1920 Waingereza waliiita rasmi Koloni la Kenya.

Wataalamu wa viumbe nao wakalichukua neno. Mzinga wa nyuki wenye malkia wake na maelfu ya wafanyakazi ukaitwa koloni, kwa sababu wameishi pamoja na wana kazi zao. Ukienda kwa bwana nyuki yeyote utamsikia akisema koloni hili lina nguvu, koloni lile limehama. Sisi wengine tunasema tu kundi la nyuki, inatosha.

Sasa jiulize, hapa kwetu Kigoma walowezi walikuwa wapi? Ukipanda kutoka ziwani kwenda Kalinzi mpaka Manyovu unaona migomba, maharage na kahawa, na mashamba ni ya Waha wenyewe. Hapakuwa na mashamba makubwa ya wazungu kama ya Tanga. Ila usidhani tulipona. Badala ya mkulima mgeni kuletwa huku, wakulima wetu ndio waliotolewa. Wanaume wa Uha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, maana mtu akifika aliandikishwa kwa namba. Wengi wenu mna babu aliyekwenda manamba. Wengine hawakurudi, wakazeeka huko huko, na ndiyo maana unakuta Waha wengi Tanga ambao hawajawahi kuliona ziwa.

Angalia ilivyogeuka. Neno lenye maana ya kulima, likachukua walimaji na kuacha nyumbani mama na watoto washike jembe peke yao. Mama wa Kiha aliyebaki na watoto wanne kijijini mwaka 1950 alikuwa anaishi kwenye koloni, hata kama hajamwona mlowezi hata mmoja.

SEHEMU YA 3: JINA ZURI HALIPONYI

Hapa mwalimu wa historia anaweza kuninyooshea kidole. "Nesi, Tanganyika haikuwa koloni la Waingereza." Ni kweli! Kwenye karatasi haikuwa. Na mimi nilishangaa kama wewe.

Wajerumani walipochukua huku kuanzia mwaka 1885, kwa lugha yao rasmi waliita eneo la ulinzi. Yaani wamekuja kutulinda. Maji Maji ya 1905 hadi 1907 inaonyesha ulinzi wenyewe ulivyokuwa.

Reli yao ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikaanza mwaka huo huo. Meli tunayoiita Liemba waliileta vipande vipande kwenye masanduku, wakaiunga hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Goetzen. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Adui mwenyewe hakuwa Mwingereza. Julai 1916 walioingia Kigoma ni Wabelgiji kutoka Kongo, na walikaa hapa mpaka 1921. Ndipo wakawakabidhi Waingereza, lakini si bure. Walipewa sehemu ya bandari hapa Kigoma na nyingine Dar es Salaam, waitumie milele kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipokaribia uhuru ndiyo iliyosema wazi kwamba mkataba wa milele uliofungwa na mtu mwingine juu ya ardhi yetu haitaubeba.

Chini ya Waingereza tukaitwa nchi ya udhamini. Kwanza Shirika la Mataifa, mwaka 1922, na baada ya vita ya pili Umoja wa Mataifa, mwaka 1946. Maelezo yalikuwa kwamba sisi ni watu ambao bado hatujaweza kusimama wenyewe, basi tushikwe mkono. Wewe mama unajua mtoto anavyofundishwa kusimama. Unamshika, unamwachia kidogo, anaanguka, anaamka. Kama unamshika miaka arobaini, hapo humfundishi kusimama.

Majirani nao walikuwa na majina yao. Zanzibar iliitwa nchi iliyo chini ya ulinzi. Uganda vilevile. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, kuanzia 1885 iliitwa Dola Huru, na huko ndiko Mfalme Leopold alikofanya nchi nzima kuwa shamba lake la mpira, watu wakikatwa mikono. Ilipoitwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, ilikuwa ni baada ya dunia kupiga kelele kuhusu hiyo iliyoitwa huru.

Kwa hiyo bibi aliyezaliwa milimani Kalinzi mwaka 1900, akafika Desemba 9, 1961, alitawaliwa na Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza, na kwenye karatasi hata siku moja hakuwahi kuitwa mtu wa koloni. Aliitwa mtu wa ulinzi, halafu mtu wa udhamini. Muulize yeye kama alisikia tofauti. Yeye anasema enzi za mkoloni, basi. Nami nakubaliana naye. Sisi manesi tunajua kwamba kubadilisha lebo ya chupa hakubadilishi dawa iliyomo.

SEHEMU YA 4: KIAZI, JELI YA JIKONI, NA DAKTARI KOCH

Turudi maabara. Nani aliyeita bakteria koloni?

Twende Ujerumani miaka ya 1870 na 1880. Daktari Robert Koch alikuwa na tatizo. Akichukua majimaji ya mgonjwa, ndani yake kuna vijidudu vya kila aina vimechanganyika, na kwenye mchuzi vinazidi kuchanganyika. Atajuaje kipi ndicho kinacholeta ugonjwa? Jibu lilianzia kwenye kiazi kilichochemshwa. Kikiachwa wazi, baada ya siku chache kinaota madoa. Hili jeupe, hili la njano, hili jekundu. Koch aliona kila doa ni ukoo mmoja uliotoka kwa mzazi mmoja aliyedondoka pale. Bakteria mmoja akatua, akalowea, akazaa. Doa hilo ndilo likaitwa koloni.

Kiazi hakikufaa kwa kila kitu, na jelatini aliyojaribu baadaye iliyeyuka ikipata joto. Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja. Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi na Koch, alikuwa akitengeneza jeli jikoni kwa agari, kitu kinachotokana na mwani wa baharini, na jeli yake ilikuwa haiyeyuki hata wakati wa joto. Akamwambia mumewe ajaribu hiyo. Mpaka leo, miaka zaidi ya 140, maabara za dunia nzima zinaotesha bakteria juu ya agari. Mama zangu, msidharau maarifa ya jikoni.

Mwaka 1882 Koch alitangaza kwamba amempata mdudu wa kifua kikuu. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Kazi yake imeokoa watoto wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na majibu ya yule binti wa Kalinzi yametokana na kazi hiyo hiyo.

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo mimi niliposimama kusoma nikatembea uani kwanza.

Mwaka 1906, daktari huyo huyo alikuja huku kwetu. Serikali ya Ujerumani ilimtuma kutafuta dawa ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, wengine tunamwita ndorobo. Malale ilikuwa inaua watu kando ya Ziwa Victoria kwa kiasi cha kutisha. Upande wa Uganda pekee walikufa zaidi ya 200,000. Koch akapiga kambi visiwa vya Sese, upande wa Waingereza, ambako wagonjwa walikuwa wengi. Watu walimjia kwa mitumbwi kwa mamia, maana mgonjwa hukimbilia palipo na tumaini.

Alitumia dawa inayoitwa atoksili. Ilikuwa na aseniki ndani, ambayo ni sumu. Mwanzo wagonjwa walionekana kupata nafuu, halafu ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, macho hayakurudi tena. Dozi ikapunguzwa, lakini dawa ikaendelea kutumika. Na ushauri aliouacha ni kwamba wagonjwa watengwe na wazima, wakusanywe kwenye kambi.

Serikali ya Wajerumani ikaufuata. Kambi za malale zikafunguliwa kando ya Ziwa Victoria na kando ya ziwa letu, Tanganyika. Watu walipimwa tezi za shingo, damu ikachukuliwa, aliyekutwa nao akapelekwa kambini. Vichaka vya mwambao vikafyekwa ili mbung'o akose kivuli, na kazi hiyo wakafanya wenyeji. Wapo waliokwenda wenyewe wakitafuta dawa. Wapo waliotoroka walipoona dawa inauma na haiponyi. Hao Wajerumani waliandika kwamba ni wakaidi. Mimi nikisoma naona watu waliofanya hesabu yao.

Kwa hiyo yule aliyeotesha makoloni kwenye kiazi ndiye aliyeleta ushauri wa kukusanya wagonjwa makambini ndani ya nchi iliyotawaliwa. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alitaka kweli kuushinda ugonjwa. Lakini kule kwao Berlin asingeweza kuongeza dozi ya sumu kwa mamia ya watu bila mtu kumuuliza. Huku aliweza. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mgonjwa wa nchi huru na mgonjwa wa koloni.

SEHEMU YA 5: BIBI ALIYENIKATALIA SINDANO

Waingereza nao walipambana na malale kwa njia yao. Miaka ya 1930, watu wa upande wa Kasulu na Kibondo waliokuwa wakiishi wametawanyika porini walihamishwa, wakawekwa pamoja kwenye makazi ya malale. Hesabu yao ilikuwa kwamba watu wengi wakilima pamoja, pori linafunguka na mbung'o anakimbia. Kitaalamu ilikuwa na mantiki. Lakini aliyehamishwa aliacha makaburi ya wazazi, migomba iliyokomaa na kisima anachokijua, na hakuulizwa. Na sisi wenyewe baada ya uhuru tulikuja kurudia: Operesheni Kigoma ya 1972, watu wakahamishiwa vijijini, na wengi hao nao hawakuulizwa.

Ukoma ulikuwa na makoloni yake pia, huku Afrika na kwingineko duniani. Mtu akionekana na mabaka anapelekwa mbali na ndugu zake, anaishi huko, anaoa huko, anazikwa huko. Leo ukoma una dawa, ni bure, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena baada ya muda mfupi. Hahitaji kutengwa hata siku moja. Ukiona mtoto ana baka lisilouma wala kuwasha, lisilosikia ukiligusa, mlete. Usimfiche.

Sasa lile kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, aliletwa mtoto na bibi yake. Homa kali, shingo imekakamaa, degedege mara mbili. Tulihofia uti wa mgongo umeshambuliwa. Daktari akataka kuchukua maji ya uti wa mgongo ili tujue ni mdudu gani. Bibi akakataa. Akamkumbatia mtoto akasema:

"Sindano ya mgongo naijua. Mjomba wake mama yangu walimchoma hiyo hiyo kwenye makazi ya malale. Hakurudi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Bibi, kwani unataka mtoto afe?" Akanitazama, akageukia ukutani, hakusema nami tena. Nikaenda kuwaambia wenzangu kwamba kuna bibi mkaidi kule. Ndiyo, nililitumia neno lile lile la Wajerumani, bila kujua.

Dawa tulimwanzishia mtoto kwa kukisia, maana huwezi kungoja. Lakini kipimo kilikaa saa tano hakijafanyika. Mpaka alipoingia zamu dada mmoja mkubwa, nesi wa siku nyingi. Akavuta kiti, akakaa chini kuliko bibi. "Shikamoo bibi. Pole na mgonjwa. Niambie habari za huyo mjomba." Bibi akasimulia. Dada hakumkatiza. Alipomaliza, dada akamwambia, "Waliwafanyia vibaya, hawakuwaambia kitu. Mimi nitakuambia kila kitu, na ukisema hapana nitakuheshimu." Akamwonyesha kwenye mgongo wake mwenyewe sindano inapoingia, chini kabisa, na kwa nini pale. Akamwambia inauma, hakumficha. Bibi akauliza, "Nitakaa naye?" Akaambiwa utasubiri mlangoni, nitakuita wa kwanza. Akakubali.

Mtoto alipona. Nashukuru Mungu. Lakini saa zile tano ni za kwangu, si za bibi. Bibi hakuwa mjinga. Alikuwa na kumbukumbu, tena kumbukumbu ya kweli. Mimi ndiye nilikuwa sijui historia ya kazi yangu mwenyewe.

Mkisikia wazee wanasema habari za mumiani, watu wanaonyonya damu, msicheke tu. Ni uongo, hakuna mumiani. Lakini jiulize uongo huo umeota kwenye udongo gani. Umeota mahali ambapo watu walitolewa damu bila kuambiwa ya nini.

SEHEMU YA 6: BASI KOLONI LA MTOTO WAKO NI LIPI?

Twende kwenye faida, mama.

Kwanza, koloni kwenye majibu ya maabara ni lile doa la Koch. Bakteria mmoja ukimpa chakula na joto, kila dakika 20 hivi anakuwa wawili. Baada ya saa 7 wameshapita milioni 2. Kesho yake unaona doa kwa macho. Maabara wanahesabu madoa. Kwenye mkojo uliochukuliwa vizuri, bakteria wa aina moja wakifika 100,000 kwa mililita moja, na mtoto ana dalili, hapo tunasema ana maambukizi ya njia ya mkojo na tunatibu. Wakiwa wachache au wamechanganyika, mara nyingi wametoka kwenye ngozi au kwenye chombo. Ndiyo maana tunakuambia osha kwanza, acha mkojo wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati, tumia kopo tulilokupa, na ulete haraka usikae na mkojo mkobani.

Pili, kuwepo kwa bakteria si kuugua. Kwenye ngozi wapo, kooni wapo, tumboni wapo wengi mno. Mtoto anapozaliwa anaanza kulowewa dakika hiyo hiyo: kwenye njia ya uzazi, kwenye ngozi yako, kwenye ziwa lako. Na maziwa yako, kuanzia dang'a la siku za mwanzo, yana sukari fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kwa nini ziwepo? Ni chakula cha bakteria wema wa tumbo lake. Unawalisha wao ili wamlinde yeye. Ndiyo sababu moja tunayosisitiza maziwa ya mama tu miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji mwepesi.

Hao wema ukiwaua ovyo, wabaya wanapata nafasi. Kwa hiyo usinunue antibayotiki duka la dawa kwa sababu tu mtoto ana mafua, au kwa sababu umeona neno koloni kwenye karatasi. Uliza: ni wadudu gani, ni wangapi, wametoka wapi, na mtoto ana dalili gani? Ukipewa dawa, maliza dozi uliyoandikiwa. Ukiwatibu nusunusu wanabaki wale sugu.

Tatu, na hili ndilo la mama yule wa Kalinzi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi tulicheka, lakini yeye alifanya kile ambacho watu wa kambi za malale hawakupewa nafasi ya kukifanya: alishika karatasi inayomhusu mwanawe akasema, hii ni nini? Kabla ya kuweka sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, uliza. Kipimo hiki cha nini? Kinauma? Mkikosa kukifanya itakuwaje? Kuna njia nyingine? Nesi akikunjia uso, uliza tena kwa upole. Mimi nimekunja uso mara nyingi na nilikosea.

Na wewe mama, usikae na hofu moyoni ukakimbia na mtoto usiku. Kama nyumbani kuna bibi anayekataza sindano, njoo naye. Tutamwekea kiti. Tukijua anaogopa nini tunaweza kumjibu.

Yule binti wa Kalinzi jana homa imeshuka, anakojoa bila kulia, na ameshaanza kuchokoza watoto wa vitanda vya jirani. Mama yake ameniuliza, "Nesi, wakoloni wameondoka?" Nimemwambia wanaondoka, ila uhuru kamili ni mpaka amalize dozi.

Naomba kitu kimoja kwenu. Jumapili hii, kaa na mzee wa nyumbani kwenu, Kalinzi, Ujiji, Mwamgongo, Kasulu, popote. Muulize kama aliwahi kusikia habari za kambi au makazi ya malale, nani alipelekwa, nani alirudi. Andika kwenye daftari, hata kurasa mbili. Wengi wanaokumbuka wamebaki wachache.

Keshokutwa tunarudi kwenye chanjo kama nilivyoahidi. Njooni na kadi za kliniki za watoto, tutazisoma pamoja mstari kwa mstari. Usiku mwema.